Seyyid Khalifa bin Harub: Sultani wa Unguja aliyechangia chuo cha Mombasa

Ukitoka katikati ya mji wa Mombasa na kufuata Barabara ya Tom Mboya kuelekea Tudor, utapita mbele ya jengo lenye kuba ambalo mgeni anaweza kulidhania msikiti mkubwa au kasri la mfalme. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wenyeji wa umri wa kati bado wanakiita Poli, kwa sababu wao walikikuta kikiwa Politekniki. Wazee zaidi wanakiita MIOME, na jina hilo vijana wengi wanaopita getini kila asubuhi hawajui hata kirefu chake.

MIOME ilikuwa Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Waislamu. Mmoja wa watu waliotoa fedha za kuijenga hakuwa raia wa Kenya wala hakuishi Mombasa. Alikuwa Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, aliyekaa kwenye kiti cha enzi karibu miaka 49 na kufariki Oktoba 1960, wakati kisiwa chake kikianza kuchemka kwa siasa za vyama.

Katika vitabu vya historia Seyyid Khalifa hupewa nafasi ndogo. Waandishi humpita haraka wakimkimbilia Seyyid Said kwa upande mmoja na Mapinduzi ya 1964 kwa upande wa pili. Sababu inaeleweka, kwani katika miaka yake yote Sultani alikuwa na taji na Mwingereza alikuwa na serikali. Lakini habari zake zinastahili kusomwa na watu wa pande zote za mpaka, maana alichosaidia kukianzisha Mombasa kimeishi kuliko kiti chake.

Alizaliwa Muscat, Oman, tarehe 26 Agosti 1879. Baba yake, Seyyid Harub, alikuwa mtoto wa Seyyid Thuwaini bin Said aliyetawala Oman, kwa hiyo Khalifa alikuwa kitukuu cha Seyyid Said bin Sultan, yule aliyeuhamishia utawala wake Unguja na kuisimamisha biashara ya karafuu. Mwaka 1893 ami yake, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alishika usultani wa Zanzibar, na kijana Khalifa, akiwa na umri wa miaka 14 hivi, akaletwa Unguja. Hapo pakawa kwao mpaka kufa kwake.

Hakukaa muda mrefu kabla ya kuona nguvu za kweli ziko mikononi mwa nani. Agosti 1896 Seyyid Hamad alifariki ghafla, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zililipiga kasri mizinga kwa muda usiofika saa moja, zikaua mamia ya watu. Khalid akakimbilia kwenye ubalozi wa Wajerumani, akatorokea Dar es Salaam. Khalifa alikuwa na miaka 17. Sidhani kama mtu aliyeyaona hayo katika umri huo angeweza baadaye kutawala kwa namna nyingine zaidi ya ile aliyotawala yeye, yaani kwa upole, kwa tahadhari, na bila kumpa Mwingereza kisingizio.

Mwaka 1900 alimuoa Seyyida Matuka binti Hamud, ambaye kaka yake, Seyyid Ali bin Hamud, alikuja kuwa Sultani. Ali alisomeshwa Uingereza, akapenda zaidi maisha ya Ulaya kuliko ya Mji Mkongwe, na Desemba 1911 akajiuzulu. Waingereza wakamchagua shemeji yake. Tarehe 9 Desemba 1911 Seyyid Khalifa akawa Sultani wa Zanzibar.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na misukosuko. Zanzibar ilihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kuwekwa chini ya Wizara ya Makoloni, hatua iliyowapa Waingereza nafasi ya kuiendesha kama koloni huku wakiendelea kuiita nchi yenye kulindwa. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja. Uturuki ilipoingia vitani upande wa Ujerumani, Waingereza waliogopa kwamba Waislamu wa pwani wangemfuata Khalifa wa Istanbul. Sultani wa Zanzibar aliwataka watu wake watulie, na walitulia. Tangu hapo Waingereza walimhesabu kuwa rafiki wa kutegemewa, wakampa nishani baada ya nishani.

Nyumbani alijenga sifa ya aina nyingine. Alikuwa mtu wa kwenda mashamba, akipita na gari lake jekundu huku watu wakitoka vijijini kumsalimu. Miaka yake 25 ya utawala ilipotimia mwaka 1936, palifunguliwa bustani mbele ya bahari, na ndiyo hiyo Forodhani ambako leo watalii na wenyeji hula pweza na mishikaki jioni. Hata wapinzani wa usultani, walioupindua baadaye, hawakuwa na mengi ya kumtuhumu yeye binafsi. Lawama yao ilikuwa juu ya mfumo aliokuwa kivuli chake, ambamo ardhi nzuri na mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa ya wachache, na shule na kazi ziligawanywa kwa kuangalia nani ni Mwarabu, nani Mhindi na nani Mwafrika.

Kwa nini basi Sultani wa Unguja akajishughulisha na chuo cha Mombasa? Jibu limo katika ramani ambayo wengi wetu tumekwisha kuisahau. Mombasa ilikuwa yake, angalau kwenye karatasi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 ni milki ya Sultani. Mwaka 1895 Uingereza ikaukodi ukanda huo, kutoka Vanga hadi Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Ndiyo maana nchi hiyo iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya: bara lilikuwa koloni, pwani ilikuwa himaya. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Mombasa, na palikuwa na maliwali na makadhi, ingawa maagizo yalitoka Nairobi. Kwa Waswahili na Waarabu wa Mombasa, Malindi na Lamu, mtawala wa haki alikuwa Seyyid Khalifa, na dua za Ijumaa zilimtaja.

Watu hao hao walikuwa wakiachwa nyuma. Katika nchi zote za Afrika Mashariki shule nyingi zilikuwa za wamisheni. Mzazi Mwislamu aliyempeleka mtoto huko aliogopa kwamba atarudi na jina jipya, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Matokeo yake yalikuwa yale yale Kampala, Tabora na Mombasa: watoto wa Kiislamu walisoma Kurani chuoni kwa mwalimu, wakafika ujana bila cheti cha serikali, na kazi za ofisini zikaenda kwa wengine. Katika karakana za reli na bandarini kazi ya fundi mwenye ujuzi ilishikwa kwa muda mrefu na watu walioletwa kutoka India. Mtoto wa pwani alibaki kuwa nahodha wa jahazi, mvuvi, mfanyabiashara mdogo, au mchukuzi wa mizigo Kilindini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wazo la chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima lilishika kasi. Aga Khan wa Tatu, Sir Sultan Mahomed Shah, ndiye aliyelisukuma zaidi. Kiongozi huyo wa Waismailia alikuwa akija pwani yetu tangu mwaka 1899, na Agosti 1946 wafuasi wake walimpima kwa almasi mjini Dar es Salaam katika sherehe za miaka 60 ya uongozi wake. Alikuwa na fedha, na alikuwa na sauti London. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, ambaye kabla ya hapo alikuwa gavana wa Uganda na kushughulika na Makerere, naye aliliunga mkono. Tusisahau kwamba Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Chuo cha ufundi hakikuwa jambo la kudharauliwa.

Mchango ulikuwa hivi: Aga Khan pauni 100,000, Sultani wa Zanzibar pauni 50,000, jumuiya ya Mabohora pauni 50,000, na mfuko wa maendeleo ya makoloni wa serikali ya Uingereza pauni 50,000. Jumla robo milioni ya pauni.

Fungu la Zanzibar linataka kutazamwa kidogo. Kwa shilingi za Afrika Mashariki, zilizokuwa 20 kwa pauni, lilikuwa shilingi milioni moja kamili. Lilizidi kodi ya miaka minne ambayo Mwingereza alikuwa akilipa kwa ajili ya ukanda mzima wa pwani. Kwa maneno mengine, Zanzibar iliirudishia Mombasa kwa mkupuo mmoja zaidi ya ilichopata kutoka kwake kwa miaka minne. Nami naona ni haki kuongeza kwamba utajiri wa Zanzibar, uwe wa hazina au wa kasri, ulitoka kwenye mkarafuu, na mkarafuu ulipandwa na kuchumwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na mtoto wa kumpeleka chuo chochote. Mchumaji wa Pemba yumo katika kuta za Tudor, hata kama jina lake halikuandikwa.

Hati ya kuanzishwa kwa taasisi ilitolewa mwaka 1948, chini ya serikali ya Koloni na Himaya ya Kenya. Mei 1951 wanafunzi wa kwanza waliingia. Walikuja kujifunza ufundi wa umeme, wa mitambo na wa mbao. Kwa macho ya leo chuo hicho kilikuwa na sura mbili zinazopingana. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikijenga shule za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao, za Waarabu peke yao na za Waafrika peke yao. MIOME ilivunja utaratibu huo, kwa kuwa Mwafrika, Mwarabu, Mhindi na Mswahili waliweza kukaa kwenye karakana moja, na haikuuliza kama mtu katoka Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar. Mpaka haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa dini. Kijana wa Kitaita au wa Kimijikenda aliyekuwa Mkristo, ambaye nyumba ya wazazi wake haikuwa mbali na lango lile, hakuwa na nafasi ndani yake. Na Mombasa ya wakati huo ilikuwa imejaa vijana kama hao. Januari 1947, mwaka mmoja kabla ya hati kutolewa, maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na viwanda walikuwa wamegoma na kuusimamisha mji, wakidai mishahara ya kuwatosha.

Unguja nako hakukuwa shwari. Mwaka 1948 makuli wa bandari waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima. Julai 1951, miezi miwili tu baada ya MIOME kufungua milango, wakulima wa Kiembe Samaki walikataa mifugo yao kutibiwa kwa lazima na serikali iliyokwisha kuwanyang'anya sehemu ya ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege. Waliokamatwa walipofikishwa mahakamani, wenzao walijaribu kuwatoa kwa nguvu, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Tukio hilo wazee wanaliita Vita vya Ng'ombe. Seyyid Khalifa alikuwa na miaka 71. Mfalme aliyekuwa amezoea kusalimiwa barabarani aliona raia wake wakipigwa risasi kwa jina la serikali yake, na hakuwa na uwezo wa kumwamuru hata askari mmoja bila Balozi wa Kiingereza kukubali.

Ajabu ni kwamba wanasiasa wa kwanza wa mashambani hawakumkataa. Chama kilichotokana na vuguvugu la Kiembe Samaki kilijiita chama cha kitaifa cha raia wa Sultani wa Zanzibar, na ndicho kilichokuja kuwa Hizbu. Jina la Sultani lilikuwa mwavuli ambao kila mtu alitaka kusimama chini yake. Tatizo la mwavuli wa namna hiyo ni kwamba mwishowe upande mmoja huushika mpini. Uchaguzi wa kwanza ulipofanyika Julai 1957, Hizbu ilishindwa na wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na Afro-Shirazi, na kuanzia hapo kiti cha enzi, atake asitake mwenyewe, kilihesabiwa kuwa cha upande mmoja.

Hayo yote yalimkuta mzee. Tarehe 9 Oktoba 1960 Seyyid Khalifa bin Harub alifariki akiwa na umri wa miaka 81. Mwanawe Seyyid Abdullah alirithi, akatawala chini ya miaka mitatu akiwa mgonjwa, na Julai 1963 akafa. Akafuata mjukuu, Seyyid Jamshid.

Ukanda wa pwani ulikwenda haraka zaidi. Wapo watu wa Mombasa na Lamu waliotaka mwambao ujitenge, wengine wakitaka urudi Zanzibar. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza uungane na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963, mjini London, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana: Sultani anaacha madai yake, Kenya inaahidi kulinda mahakama za kadhi na mafundisho ya Kiarabu, pamoja na hati za ardhi za watu wa pwani. Miaka mitatu kasoro siku moja tangu Seyyid Khalifa afe, Mombasa haikuwa tena ya Zanzibar hata kwenye karatasi. Januari 1964 Mapinduzi yalimwondoa Jamshid, aliyekwenda kuishi Portsmouth, Uingereza.

Chuo kilibaki. Ingekuwa rahisi kwa serikali mpya kukiona kama mabaki ya usultani na ukoloni, na kukifunga au kukigeuza kambi. Kenya ilifanya jambo la maana zaidi: ilikichukua na kukipanua. Mwaka 1966 jina la zamani lilifutwa, kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, na milango yake ikawa ya kila mwenye sifa, bila kuuliza dini wala rangi. Kijana wa Kitaita aliyekuwa akipita nje sasa aliweza kuingia. Wapo Waislamu wa pwani waliohisi kwamba kilichokuwa chao kimechukuliwa, na manung'uniko hayo hayajaisha kabisa. Ukikaa barazani Mji wa Kale utayasikia. Si manung'uniko ya kupuuzwa, kwa sababu pengo la elimu ambalo MIOME iliundwa kuliziba halikuzibwa kwa muda wa miaka 15. Lakini chuo kilichokuwa kikiendeshwa kwa fedha za umma kisingeweza kuwa cha umma nusu.

Mwaka huo huo wa 1966, Zanzibar nayo ilipata shule ya ufundi iliyofunguliwa kwa msaada wa Marekani, ambayo leo ni Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, huko Mbweni. Kijana wa Unguja hakuwa tena na haja ya kuvuka bahari kwa ajili ya kujifunza umeme. Kuvuka kwenyewe kulikuwa kumekwisha kuwa jambo la pasi na mihuri.

Mwaka 1972 Mombasa ilipandishwa kuwa Politekniki, ya pili nchini Kenya baada ya ile ya Nairobi, na kwa miaka 35 ikatoa mafundi na wahandisi wa ngazi ya kati waliotapakaa bandarini, hotelini na viwandani. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki aliipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kupanda huko kumeshangiliwa, na pia kumeleta swali ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zinalo kwa pamoja: kila chuo cha ufundi kikitaka kutoa shahada, nani atabaki kumfundisha kijana wa darasa la nane kulehemu chuma na kufunga nyaya? Waliotoa fedha mwaka 1948 walikuwa wakimfikiria kijana huyo.

Chuo sasa kina matawi Kwale na Lamu. Hati ya MIOME ilipotolewa, Lamu ilikuwa bado na liwali wake, na bendera iliyopandishwa huko asubuhi ilikuwa ile nyekundu ya Seyyid Khalifa.